Maji, maaĩ, ruuji: ukoo wa neno moja mitaani Eastlands

Neno maji ni la Kibantu tangu mzizi hadi kiambishi, wala halikuletwa na jahazi kutoka Arabuni kama inavyodhaniwa mara kwa mara. Anayetaka kulifuatilia hana haja ya kwenda mbali. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Pumwani na Shauri Moyo hadi Umoja, Dandora na Kayole, foleni moja ya mitungi mbele ya mfereji mmoja hubeba sehemu kubwa ya ushahidi. Mkikuyu kwake nyumbani husema maaĩ, Membu manjĩ, Mmeru ruuji, Mkamba manzi. Mbukusu husema kamechi, Mmaragoli amazi, Mkisii amache, Mgiriama madzi. Mluo husema pi, Mnandi bek, Mturkana ngakipi, Mmaasai enkare. Msomali wa Eastleigh ana biyo, na Mborana bisaan. Wote wakishafika mferejini huulizana habari za maji, kwa Kiswahili.

Orodha hiyo ikisomwa polepole hujigawa yenyewe. Majina manane ya kwanza yanafanana kiasi cha kutosha kumfanya hata mtoto ashuku kuwa ni ndugu, na undugu huo hauishii Kenya. Mganda husema amazzi, Mnyarwanda amazi, Mchewa wa Malawi madzi, Mtswana wa Botswana metsi, Mzulu wa Afrika Kusini amanzi. Mzulu na Mkamba hawajapata kuwa majirani katika historia inayojulikana, lakini manzi ya Ukambani na amanzi ya Durban vinatofautiana kwa irabu moja tu ya mwanzo. Maelezo yanayotosheleza ni kwamba wote walirithi. Wataalamu wa isimu wanakubaliana kwamba lugha za Kibantu zilianza kuenea kutoka eneo la mpaka wa Nigeria na Kamerun wa leo, yapata miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, na waliosafiri nazo walibeba jina la maji pamoja na la moto, la jicho na la mtoto.

Dhana ya asili ya Kiarabu haikuzuka bure. Kiarabu husema mā', na Kiebrania, ndugu yake, husema mayim. Kiswahili nacho kimekopa kutoka Kiarabu hata maneno ambayo kwa kawaida lugha haziazimi: damu ni ya Kiarabu, na bahari vilevile. Jamii iliyoazima jina la kitu kinachotembea mishipani mwake ingeshindwaje kuazima jina la maji? Hoja hiyo ina nguvu mpaka neno lenyewe lipasuliwe. Katika maji, silabi ma- ni kiambishi cha ngeli, kile kile kinachoonekana katika mafuta, maziwa, mate na machozi. Kibantu hupenda kuweka vimiminika katika ngeli hiyo. Mzizi ni -ji. Katika Kiarabu, m ni sehemu ya mzizi wenyewe, na ikiondolewa karibu hakibaki kitu. Mmeru ndiye anayemaliza ubishi: yeye huondoa ma- na kuweka ru-, akasema ruuji, na neno linaendelea kuishi. Neno lililokopwa kutoka mā' lisingeweza kuvuliwa m yake likasalia na maana ya maji.

Watetezi wa dhana hiyo hukimbilia Lamu, ambako watu husema mai. Ni kweli kwamba mai iko karibu zaidi na mā' kuliko maji ilivyo. Lakini mtu wa Lamu husema pia yua pale Mvita au Mnguja anaposema jua, kuya pale wengine wanaposema kuja, na yambo badala ya jambo. Katika lahaja za kaskazini j hulainika ikawa y, na y ikikaa kati ya a na i husikika kwa shida. Mai ya Lamu ni maji iliyopitia mlango ule ule uliopitiwa na jua na kuja. Isimu historia husimama juu ya kanuni za namna hiyo: sauti moja ikibadilika, hubadilika katika maneno yote yenye mazingira sawa, na anayedai undugu wa maneno mawili lazima aonyeshe kanuni inayoyaunganisha. Mfanano wa sikio peke yake hauhesabiwi.

Kongo inatoa mfano mwingine wa ulainishaji huo. Kiswahili cha mashariki ya nchi hiyo husema mayi, Kilingala husema mai, na ziwa la Mai-Ndombe, lililo magharibi, maana yake ni maji meusi. Wapiganaji wa Mai-Mai wa mashariki walipata jina lao kutokana na imani kwamba maji yaliyotiwa dawa hugeuza risasi. Imani kama hiyo ilikuwa imewaunganisha watu wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya Wajerumani mwaka 1905, pale Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alipowagawia dawa ya maji. Vita vile, vilivyoendelea hadi 1907, vinaitwa Majimaji hadi leo. Waliopigana walikuwa wa makabila mengi yenye lugha zinazokaribiana, na neno lenyewe halikuhitaji mkalimani.

Umbo la kale kabisa halikuandikwa na mtu yeyote. Limejengwa upya kwa kulinganisha lugha zilizopo. Kazi hiyo ilipata msingi wa kitaalamu mwaka 1899 Mjerumani Carl Meinhof alipochapisha kitabu chake juu ya sauti za lugha za Kibantu, na ikapanuliwa na Mwingereza Malcolm Guthrie katika juzuu nne zilizotoka kati ya 1967 na 1971. Mzizi uliopatikana ni -jíjì, yaani silabi mbili, ingawa leo Kiswahili kimebaki na moja.

Je, ile silabi iliyopotea ilijulikanaje? Hapa Kiganda ni hazina. Mganda husema amazzi, na zile z mbili si pambo la tahajia. Konsonanti hutamkwa kwa kukazwa. Kukazwa huko hutokea pale ambapo irabu i ya zamani ilimezwa: Mswahili husema kuiba, Mganda husema okubba, ile i imeingia ndani ya b na kuifanya nzito. Kwa kanuni hiyo, amazzi inaashiria kwamba kabla ya z palikuwa na silabi yenye i. Na ushahidi wa macho upo. Kisima kwa Kiganda ni oluzzi, lakini visima ni enzizi. Kiambishi kilipobadilika katika wingi, silabi iliyokuwa imejificha ikajitokeza mchana kweupe: zi na zi, mbili kamili. Ni nadra lugha kuhifadhi siri yake kwa uaminifu kiasi hicho.

Oluzzi ya Waganda inafungua pia mlango wa ruuji ya Wameru. Mzizi ule ule ukivikwa ngeli ya vimiminika huwa maji. Ukivikwa ngeli ya vitu virefu, ile ya u- katika ulimi na ukuta, ambayo lugha nyingine huitamka lu- au ru-, huwa maji yanayotiririka kwa mstari mrefu. Mkikuyu ana vyote viwili: maaĩ ni maji, rũũĩ ni mto. Konsonanti ya katikati imefifia kabisa, zikabaki irabu. Mnyarwanda huuita mto uruzi. Mmeru amekwenda mbali zaidi, akachukua jina la mkondo na kulifanya jina la maji yote, hata yaliyo kikombeni. Mshona wa Zimbabwe naye alichagua njia nyingine kabisa. Maji kwake ni mvura, neno ambalo ni ndugu wa mvua ya Kiswahili na mbura ya Kikuyu. Kwake yeye, kinachotoka juu na kinachochotwa mtoni vimekuwa kitu kimoja.

Upande wa pili wa foleni kuna ukoo mwingine. Pi ya Wajaluo, bek ya Wanandi na ngakipi ya Waturkana, ambayo nga- yake ni kiambishi tu, zote zina kiini cha pi kilichorithiwa kutoka lugha mama ya Kiniloti. Wadinka wa Sudan Kusini husema piu, Waacholi wa Uganda pii. Katika Kinandi p na b hazitofautishi maana, kwa hiyo b ya bek si kikwazo. Anayeshangaza ni Mmaasai. Lugha yake ni ndugu wa karibu wa Kiturkana, lakini neno la ukoo aliliacha akashika enkare.

Na enkare ndiyo iliyouzaa mji. Kabla ya reli kufika mwezi Mei 1899, Wamaasai walipaita mahali hapa Enkare Nairobi, maji baridi. Neno la maji ni enkare. Nairobi maana yake ni yaliyo baridi, na ile na- ya mwanzo ni kiambishi kinachofungamanisha sifa na jina la jinsi ya kike. Kiambishi hicho kiko pia katika Narok, nyeusi, na Nanyuki, nyekundu. Wajenzi wa reli waliposhika jina walishika sifa na kuacha kitu chenyewe: jiji zima linaitwa Baridi, bila maji. Kaskazini mwa Tanzania walikuwa waangalifu zaidi. Huko Siha, Kilimanjaro, kuna Ngarenairobi, na upande wa Arusha kuna Ngarenanyuki na Ngarenaro, zote zikiwa na ngare yake mbele. Mkazi wa Kayole ambaye mfereji wake umekauka wiki ya pili anaweza kuona kwamba jina lililofupishwa limesema kweli.

Biyo ya Kisomali na bisaan ya Kiborana ni za ukoo wa Kikushi. Kuhusu biyo inatosha kusema kwamba Msomali, kama Mswahili, huyahesabu maji kuwa wingi katika sarufi yake. Kiebrania nacho hufanya vivyo hivyo na mayim. Lugha tatu zisizo na nasaba ya karibu zimeyaona maji kuwa kitu kisicho na kimoja.

Njia iliyotumiwa kumpata babu wa maji ilijaribiwa kwanza Ulaya, na neno la maji lilikuwa katikati ya ushindi wake mmojawapo mkubwa. Mrusi, Mcheki, Mserbia na Mbulgaria wote husema voda. Mpolandi huandika woda na kuitamka vilevile. Kufanana huko hakustaajabishi, kwa kuwa Waslavoni walianza kutawanyika yapata miaka 1,500 tu iliyopita, muda mfupi kuliko wa Wabantu. Mbali zaidi kuna water ya Kiingereza, Wasser ya Kijerumani, vanduo ya Kilithuania, na hydor ya Kigiriki cha kale ambayo wanafunzi wa Kenya hukutana nayo ndani ya haidrojeni, maana yake kizaa maji. Zote zinarudishwa kwenye mzizi mmoja wa Kihindi-Kiulaya uliotamkwa kama wed- au wod-, ukifuatwa mara na r, mara na n. Kiingereza kilibakiza r katika water, Kiswidi kikabakiza n katika vatten. Waslavoni walizitupa zote mbili, wakabaki na voda.

Kwamba r na n ziliwahi kuishi katika neno moja kulithibitishwa na vigae vya udongo vya Wahiti, taifa lililotawala Anatolia, Uturuki ya leo, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Herufi zao zilisomeka lakini lugha haikueleweka, mpaka mwaka 1915 Mcheki Bedřich Hrozný alipotangaza kwamba ameifumbua. Katika sentensi moja alitambua alama ya mkate, ambayo ilikuwa ikijulikana kutokana na maandishi ya Mesopotamia. Penye mkate huenda pana kula, na penye kula huenda pana kunywa. Mbele kidogo liliandikwa neno watar. Kwa mtu ambaye nyumbani kwao maji ni voda na ambaye alisomea Kijerumani, halikuhitaji kamusi. Na watar hiyo ilipoingia katika hali ya umilikaji ikawa wetenas: r imeondoka, n imeingia. Ilikuwa kwa Hrozný kama enzizi kwa anayechunguza maji, umbo moja la pembeni linalofichua yaliyofutika kwingineko.

Warusi wakaongeza kiambishi cha kudogosha kwenye voda, wakapata vodka, yaani kijimaji. Whisky nayo inatokana na maneno ya Kigaeli yenye maana ya maji ya uhai, na neno lao la maji, uisce, ni mjukuu wa mzizi ule ule wa wed-. Mitaani Nairobi jambo hilo linaeleweka bila mwalimu. Aliyepiga maji hakuoga wala hakukata kiu, na mtu wa maji haajiriwi na kampuni ya maji. Hapa hakuna ukopaji wowote. Watu wa Moscow, wa Scotland na wa Makadara wameficha pombe nyuma ya jina la kinywaji kisicho na lawama, kila mmoja kwa wakati wake.

Mtego wa mfanano wa sikio upo hapa hapa mtaani, katika Sheng, lugha iliyokulia Eastlands. Manzi kwa Kikamba ni maji. Manzi kwa Sheng ni msichana. Hadithi ya kuyaunganisha inaweza kutungwa kwa dakika moja, ya wasichana waliotumwa maji na vijana waliowangoja njiani, na ingependeza. Lakini hakuna kanuni ya sauti wala hatua ya maana inayoonekana kati ya neno moja na jingine, na manzi ya Kikamba tayari ina ndugu wanaojulikana Embu na Durban.

Wakati jina la maji limedumu bila kuyumba, majina ya vyombo vyake yamekuja na kila mgeni. Pipa ni Kireno. Debe ni la Kihindi, likitokana na mikebe iliyosambaa pwani na bara enzi za biashara ya mafuta ya taa. Jina la jerikeni lilizaliwa katika Vita Vikuu vya Pili: Wajerumani walibuni mkebe huo katika miaka ya 1930, askari wa Uingereza wakauita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani, Jerry. Boza, lile lori la maji linalosubiriwa kwa hamu mabomba yanapokauka, limebeba jina la Bowser, Mmarekani aliyetengeneza pampu za mafuta mwishoni mwa karne ya 19. Mtungi ulikuwa chombo cha udongo. Leo Nairobi ni plastiki ya lita 20, mara nyingi ya njano, iliyoanza maisha yake na mafuta ya kupikia.

Mfereji una kisa kirefu kidogo. Katika Kiswahili cha kawaida mfereji ni njia iliyochimbwa ardhini maji yapite, na ndivyo Mtanzania anavyoelewa. Chuma kinachofunguliwa kwa mkono yeye hukiita bomba, neno la Kireno la pampu. Nairobi imehamisha jina la njia likawa la mdomo wake. Mradi wa viwanja wa Dandora ulipoanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 vilipangwa, kila kimoja kikiwa na choo na maji yake, na mfereji ndani ya ploti ukawa alama ya aliyefika mjini akatulia. Leo maji mengi ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Yanaanza safari yakiitwa maaĩ na kufika Eastlands yakiitwa maji, pale yanapofika.

Badiliko linaloendelea sasa halimo katika mzizi. Limo katika upatanisho. Kitabu cha sarufi kinataka maji yamerudi, yameisha, yako wapi. Mtaani husikika maji imerudi, maji imeisha, maji iko? Walimu wa Kiswahili hulisahihisha kwa kalamu nyekundu, na kwa mtihani wako sahihi. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, tukio hilo ni zito: ma- inaacha kusikika kama kiambishi cha wingi na kuanza kusikika kama sehemu ya mzizi, jambo ambalo halikuwahi kuwa kweli katika maelfu ya miaka ya neno hili. Waslavoni waliposahau kazi ya r na n zao huenda walianza hivyo hivyo, kwa vijana waliosema vibaya. Kizazi kitakachokuja kikiendelea na maji imerudi, mtafiti wa baadaye atakayesoma Sheng peke yake ataweza kudhani kwamba m ni ya mzizi tangu mwanzo, na ile dhana ya mā' ya Kiarabu itapata mteja mpya.

Kiswahili chenyewe kimewekwa na wataalamu katika kundi dogo pamoja na Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliandika historia ya kundi hilo katika kitabu cha mwaka 1993, na jina lake ni Sabaki, kutokana na mto unaoingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Mto huo juu kidogo huitwa Galana, na juu zaidi Athi. Miongoni mwa mito inayoulisha Athi ni Nairobi, ule unaopita Gikomba na Dandora ukiwa mweusi, ukipokea Mathare na Ngong njiani, kabla ya kuyaacha majengo ya mwisho ya Eastlands upande wa Ruai.